Skuli ya ukubwani

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo. Masika yameanza na paa la jiko linavuja pale pale pa mwaka jana. Barua hii naiandika kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha akurushie kwenye simu. Nimemwambia asiisome, na najua ataisoma.

Juzi ulipopiga nilikuacha useme mpaka umalize, maana mamaako alikuwa ukumbini anachambua mchele. Ulisema darasa hilo la huko California, la waliokamatwa wakiendesha gari na pombe mwilini, ni saa 30, miezi mitatu mizima, pesa unatoa mfukoni mwako, na ukikosa kosa wanakutoa na mahakama inaarifiwa. Bila ya cheti chao leseni hurudishiwi. Ukasema wenzako mle ndani ni walevi na wewe si mlevi, kwa hiyo unakaa kiti cha nyuma, kofia machoni, unatia saini unaondoka.

Pombe yenyewe sitaizungumza humu. Umesoma chuo cha Kurani mpaka ukakhitimu, hukumu yake unaijua, na mlango wa toba ufunguo wake sinao mimi. Hilo ni baina yako na Mola wako. Lakini usukani una haki za waja ndani yake, na haki ya mja haimaliziki kwa kulia peke yako usiku, mpaka mwenyewe aseme nimekusamehe. Sasa barabarani mwenyewe ni nani? Utamtaka radhi nani, wale wote uliowapita asubuhi ile?

Naona kinachokuuma ni kuwa ulilala. Uliacha kunywa saa nane za usiku, ukalala, ukaoga maji baridi, ukanywa kahawa, saa kumi na mbili na nusu ukaingia kwenye gari kwenda kazini kama watu wote. Polisi wakakusimamisha, ukapulizishwa kile kidude cha kupimia pombe, kikasema pombe damuni mwako ni asilimia 0.09. Kiwango cha kukamatwa huko California ni 0.08. "Baba, nimekamatwa kwa nukta moja!"

Nimekaa na penseli nikapiga hesabu uliyonipa mwenyewe, ile mwalimu wenu aliyoiandika ubaoni: mwili hupunguza kama 0.015 kwa saa. Kutoka saa nane mpaka ulipokamatwa ni saa nne na nusu. Rudi nyuma nazo. Ulipoweka kichwa kwenye mto ulikuwa karibu na 0.16, mara mbili ya kiwango. Kisha nenda mbele: hiyo 0.09 ilitaka saa sita nyengine imalizike, yaani saa sita na nusu mchana, adhuhuri. Wewe ulikuwa unapita mitaani watoto wanakwenda skuli.

Kahawa ilikufungua macho tu, na maji baridi yalikutoa usingizi. Wewe umekulia bandarini, umeona mara ngapi jahazi imekaa juu ya mchanga? Nahodha atafoka, atapiga mluzi, atatazama saa yake, maji yanajaa kwa wakati wake. Na mwili nao ndivyo.

Mimi, ningekuwa nimekaa kwenye kiti chako cha nyuma na mwalimu akanitaja jina, ningekuwa nna la kusema. Hili hulijui. Mamaako analijua nusu.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa naendesha gari ya abiria ya mtu, na karafuu mwaka ule zilikuja nyingi. Mchana nachukua wachumaji, usiku nachukua magunia, na tajiri anataka gari isilale. Siku ya tatu asubuhi natoka Mkoani, sijafumba jicho siku mbili. Sikuonja kitu, wallahi, hata tembo la mgema. Nilijiona mzima kabisa, tena naimba.

Baada ya Mtambile barabara inapinda. Sikumbuki kuipinda. Nakumbuka sauti, kama mtu anatembea juu ya majani makavu, kisha harufu, harufu kali ya karafuu zilizosagika ikajaa ndani ya gari mpaka abiria mmoja akapiga chafya. Nilikuwa juu ya jamvi la watu. Walianika ukingoni mwa lami, kama tunavyoanika sote. Katikati ya jamvi palikuwa na kata ya maji imepinduka, na alama za miguu midogo kwenye karafuu, mahali mtoto alipokuwa akizigeuza. Kakimbia kufukuza kuku. Kuku, mwanangu!

Mzee wa nyumba akatoka. Akatazama alama za tairi, akamtazama mjukuu wake amemkamata kuku, akanitazama mimi. Hakusema hata neno la karafuu zake. Bora angenitukana. Wiki ile nilirudi na pishi mbili, akazipokea, tukapeana mikono, akasema amenisamehe. Yule mtoto leo ni mtu mzima, ana watoto wake, tukikutana sokoni Chake hunisalimia kwa adabu na kuniulizia wagonjwa wa nyumbani. Naitika huku natazama chini.

Hakuna polisi aliyenisimamisha na hakuna skuli iliyonichukua. Tajiri alinikata pesa za taa ya mbele, ikawa basi. Niliendesha miaka kumi na tano baada ya hapo na jambo hili sikumwambia dereva yeyote, wala utingo wangu, na wao wote walikuwa wanakesha kila msimu kama nilivyokesha mimi. Ningepata watu ishirini wamekaa kwenye viti wanasubiri nifungue mdomo, labda ningesema.

Basi Jumamosi vua kofia. Ukitajwa jina sema ulivyonambia mimi: nililala, nikaoga, nikajiona mzima. Mle ndani pana mtu kesho asubuhi atafanya hivyo hivyo.

Jambo la mwisho. Mamaako nimemwambia umepata kesi ya gari, zaidi ya hapo sikusema. Sikumdanganya, lakini jana kaniuliza kesi gani hiyo ya gari inayompeleka mtu mzima skuli, nikajitia natafuta miwani. Halafu kasema siku hizi ukipiga anasikia kengele ya basi. Mpigie ukiwa njiani kwenda darasani, mimi nitakuwa msikitini.

Babaako