Barua kwa mwanangu: matairi ya baridi kwa gari jepesi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza matairi gani ufunge kwenye hiyo Mazda MX-5 (toleo la ND) kabla theluji haijaanza, na umesema muuzaji anakushauri ubaki na 205/45R17 (upana milimita 205, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17) kwa kuwa gari lenyewe ni la spoti. Mimi nakwambia shuka kipimo. Chukua 195/50R16, matairi manne, na uyafunge kwenye rimu zake za pili.

Ushauri mwingi wa matairi ya baridi umeandikwa kwa magari ya tani moja na nusu kwenda juu. Lako lina tani moja na kitu kidogo. Kwa wepesi huo, kiwanda kinaagiza upepo wa PSI 29 tu (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), na mkandamizo wa tairi juu ya barabara haupishani sana na upepo uliomo ndani yake. Maana yake gari lako linakanyaga kwa upole. Kwenye lami kavu hilo halina neno, lakini kwenye maji na tope la theluji tairi hunyanyuka mapema na kuelea, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Uzito huwezi kuuongeza, ila upana wa tope linalosukumwa mbele ya tairi unaweza kuupunguza. Tairi jembamba halipotezi sana eneo la mguso, linabadilisha umbo lake: badala ya kuwa fupi na pana, linakuwa refu na jembamba. Tumbukiza kisu kwenye tope kwa makali, kisha kwa bapa, utaona ninachosema.

Kipimo cha 195/50R16 si cha kubuni, ndicho kinachotoka kiwandani kwenye MX-5 nyingi za injini ya 1.5, ila hakikisha kimo kwenye nyaraka za gari lako. Kipenyo chake ni kama milimita 601, na cha 205/45R17 ni 616. Kwa hiyo mita ikionyesha 100, mwendo halisi utapungua kwa kilomita mbili na kitu ukilinganisha na matairi ya sasa. Kosa la upande huo halina hatari. Faida nyingine ni ubavu, ambao unaongezeka kama milimita tano na kuikinga rimu zaidi, maana shimo lililofunikwa na theluji huharibu ukingo wa rimu kabla hujaliona.

Rimu ziwe 4x100 (matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100), tundu la kati milimita 54.1, upana inchi 6.5, ofseti 45, yaani umbali wa milimita kati ya uso unaokaa kwenye gari na katikati ya rimu. Jambo moja tu linaweza kuvuruga mpango huu: kama gari lilikuja na breki kubwa za Brembo mbele, rimu nyingi za 16 hugusa kalipa, kile kibanio cha breki. Usinunue zote kwa matumaini. Azima moja, ifunge mbele, izungushe kwa mkono na usikilize. Ikigusa, hapo baki na 17.

Sasa tairi lenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama hakuna theluji. Gari zito huupasha mpira moto angalau kidogo linapokimbia. Lako halina uzito wa kutosha kufanya hivyo, kwa hiyo tairi linabaki baridi safari nzima. Ndiyo maana sikushauri lile tairi la baridi la “spoti” lenye vibonge vikubwa, vigumu, lililotengenezwa kwa magari mazito yenye nguvu nyingi. Ukiwa dukani, bonyeza kibonge cha kashata (ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara) kwa ukucha wa kidole gumba, kisha kiegemeze upande. Tazama ile mipasuko myembamba, kana kwamba mtu amechanja kwa wembe. Kibonge kikiegemea, mipasuko inafunguka na kingo zake ndizo zinazong'ata theluji. Na theluji ikijipakia kwenye mifereji si uchafu, usiogope: theluji hushikana na theluji nyingine vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Kuna aina mbili, na hapa ndipo wengi wanakosea. Ya kwanza ni ya nchi ambako baridi ni mvua, tope na theluji ya siku chache, nayo huvumilia mwendo wa barabara kuu. Ya pili ni ya nchi za Kaskazini mwa Ulaya, laini zaidi, kwa barabara zinazokaa na barafu wiki nyingi. Hiyo ya pili ikikanyaga lami yenye maji kwenye nyuzi 8, gari linayumba kwenye kona na breki zinahitaji nafasi ndefu. Chagua kwa barabara unayoipita kila siku, usichague kwa siku moja mbaya ya mwaka. Lebo ya Umoja wa Ulaya, kwa matairi ya tangu Mei 2021, ina alama ya pekee ya mshiko wa barafu. Ukiiona, ujue ni ile ya Kaskazini.

Ubavuni tafuta picha ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye alama hiyo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake ni tamko la mtengenezaji tu, na Ujerumani imeacha kuitambua tangu Oktoba 1, 2024. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024.

Namba ya uzito 84, inayoandikwa baada ya kipimo cha tairi, ni kilo 500 kwa tairi, yaani tani mbili kwa manne. Gari lako halikaribii hapo. Kwa hiyo XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba uzito zaidi, ambayo ni 88 na ubavu mgumu zaidi, haikuongezei kitu isipokuwa mtikisiko. Ukikosa isiyo XL, nunua tu, lakini usikubali fundi aongeze upepo kwa sababu ya herufi hizo.

Usithubutu kununua mawili. Gari linaendeshwa na magurudumu ya nyuma, na ukifunga mapya nyuma tu, litaondoka vizuri na kukataa kukata kona. Ukifunga mbele tu, ni balaa: pua inashika, mkia unakuja kukupita, hasa ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona na injini ikayavuta magurudumu ya nyuma. Miaka ijayo, kama kina cha kashata kitatofautiana, yenye kashata nyingi yakae nyuma.

Siku ya kufunga, sugua kutu kwenye uso wa habu (pale rimu inapokaa) kwa brashi ya waya, la sivyo rimu haikai sawa na usukani utatetemeka. Kitako cha nati kilingane na tundu la rimu mpya. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, ukitumia spana ya kupima mkazo. Kwa ND ni kati ya 108 na 147 Nm (Nm ni kipimo cha mkazo). Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100. Mshale wa mzunguko uelekee mbele, na kilomita 300 za mwanzo nenda taratibu, mpaka utelezi wa kiwandani uishe juu ya mpira.

Upepo upime nje, asubuhi, kabla gari halijatembea. Ukijaza PSI 29 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri utakuta 25 au pungufu, na kwenye gari jepesi upungufu huo unausikia kwenye usukani mara moja. Ukishajaza, seti upya mfumo wa onyo la upepo.

Sheria nyingi zinaruhusu kashata ya milimita 1.6. Kwa tairi la baridi hicho ni kipara. Austria inadai 4, nami nakubaliana nao, kwa sababu chini ya hapo mipasuko mingi imeshaisha. Na kumbuka, tairi halilinyanyui gari. Theluji ikifika kwenye bampa, MX-5 inageuka jembe, nawe siku hiyo liache lilipo.

Kabla hujalipa, nipigie picha ya ubavu wa kila tairi: ukubwa, mlima, na zile tarakimu nne.

Akupendaye,
Mama