Kuhusu yaliyotokea jana kwa mama ntilie

Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Jana tulianza vizuri. Mwenzetu katuonyesha mkeka wake wa kubeti, mechi tano, kila moja odi 2 (yaani kila mechi ikitiki hela inajizidisha mara mbili), kaweka buku, anasubiri elfu 32. Tukawa tunabishana kama mechi moja ikienda vibaya mkeka wote unachanika (ndiyo, wote, hata nne zikitiki). Mara kaka mmoja akamtupia dada mmoja lile neno: "Hata kura yako ulibeti, tukaona." Sahani ya wali maharage ikabaki mezani na nzi, mwenyewe kaondoka bila kunawa mikono.

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 wapo humu kazini wasiosalimiana. Wapo pia waliofiwa na hawasemi. Utani wako unaweza kumtonesha mtu kidonda. Naomba sana, siasa tusizilete mezani wala humu kwenye kundi. Simba na Yanga ruksa, mtaniane mpaka sauti ziwakauke.

Kubeti siwezi kumkataza mtu mzima. Ila picha za mikeka humu basi, tuna vijana wa mafunzo wenye miaka 17 na sheria inataka 18. Na nauli jamani, msiibetie! Juzi jioni nimempita mwenzetu anatembea kwa miguu kutoka Tazara kuelekea Buguruni, viatu mkononi, mvua inanyesha. Iliniuma.

Kaka uliyesema na dada uliyeondoka, nimeshaongea na kila mmoja. Leo saa 7 mchana tukutane palepale. Wali nalipa mimi.