Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: maneno ya safari yanapita kwenye simu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu na heshima. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Handeni. Wateja wangu wengi wanatoka makazi ya wakimbizi ya Chogo: Wazigua waliokimbia vita vya Somalia baada ya utawala wa Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande hizi hizi karne ya 19, wakapelekwa bonde la Juba. Wajukuu wakarudi na Kizigua chao mdomoni. Wengi sasa ni raia wenzetu, ila ndugu zao wametawanyika, wengine kambi za Dadaab na Kakuma kule Kenya, wengine Marekani.

Wanakutana kwenye makundi ya WhatsApp. Juzi mama mmoja alikuja na simu iliyopasuka kioo, akaniomba nimwongezee sauti. Nikasikia mwanamume, Kizigua safi: faili la kuhamia Marekani limefunguka, tuma laki nne kabla ya Ijumaa. Mama hamjui mtu huyo. Lakini ujumbe ule alirushiwa na shemeji yake, na shemeji anamwamini. Alikwisha uza mbuzi wanne. Nilimsihi asitume, akanisikia. Kabla yake wateja wawili niliwatumia pesa kama hizo kwa mikono yangu hii, na bado inaniuma.

Huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hazilipiwi hata senti moja. Na Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Mambo hayo mawili hayakuwamo kwenye simu ya yule mama.

Sisemi makundi yafungwe, hasha. Kijana mmoja alikuwa tayari kuuza shamba aende Marekani, binamu yake wa huko akamtumia sauti usiku: anafanya kazi ya zamu, kodi ya nyumba inamaliza mshahara. Kijana akabaki, akapanda mahindi. Neno la ndugu anayesema kweli halina mbadala.

Ninachoomba ni sauti ya dakika mbili, kwa Kizigua na Kiswahili, kutoka ofisi yako pamoja na idara ya wakimbizi, isomwe na mzee wa Chogo ambaye watu wanaijua sauti yake. Aseme yapi ni ya bure, aseme njia ipi imefungwa, aitaje na namba 15040 ya kuripotia matapeli. Wenyeviti wa vitongoji wairushe kwenye makundi yao. Karatasi za ukutani, Mheshimiwa, hazitawafikia.

Ikiwa tayari, nipo kibandani kila siku hadi saa moja jioni. Wa kwanza kumrushia atakuwa yule mama.

Wakala wa Handeni