Manunuzi ya jumla Jumamosi, Mwanjelwa

Habari za jioni wanakikundi. Tukutane Kabwe saa 2 asubuhi.

Sukari ni mfuko wa kilo 50, watu 10, kila mtu kilo 5. Upimwe kwanza ukiwa haujafunguliwa.

Mafuta ndiyo yenye mtego. Ndoo ya lita 20 ina kama kilo 18 tu, msiilinganishe bei na ya kilo 20. Na baridi hii ya Mbeya inagandisha ya mawese. Tukigawa kwa jagi kuna watakaopunjika, kwa hiyo tunatumia mizani.

Sabuni ya unga: gawanya bei kwa gramu, pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Vya ofa, tazameni tarehe ya kuisha muda.

Hela zimfikie mweka hazina Alhamisi. Mkopo safari hii hakuna, mtusamehe.