Barua kwa mwanangu aliyeko Tabora

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Mwanangu,

Sijalala tangu jana kwa lile neno ulilomalizia nalo kwenye simu: "Mama, nisingekuwepo mngekuwa mmeshapumzika." Mimi nikanyamaza, nikakata simu. Kwenye simu machozi hunitangulia, ndiyo maana nakuandikia. Barua atakuletea jirani anayepanda treni kesho. Jana ileile nilimpigia mjomba wako, na ndiye niliyemwomba ahamishie godoro chumbani kwako. Usimchukie.

Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba nikikuuliza waziwazi nitakutia wazo. Leo asubuhi nimemfuata nyumbani yule sista wa kliniki aliyekuwa akikuchoma sindano. Akasema sivyo, kuuliza hakupandikizi wazo, kunampa mtu mahali pa kutua mzigo. Basi nakuuliza, baba: unafikiria kujiua? Nijibu hata kama jibu ni ndiyo. Hasa kama ni ndiyo.

Miaka hii miwili nilidhani adui yetu ni zile sauti ulizokuwa ukisikia. Zilipopungua nikashukuru Mungu, nikaona tumevuka. Kumbe sista anasema miaka ya mwanzo ya skizofrenia, huu ugonjwa wako wa sauti, na majuma yale ya kutoka hospitali, ndiyo ya kuangaliwa sana. Katika wagonjwa mia, kama watano hufa kwa kujiua. Akili inaporudi, mtu anaona chuo kimekatika, rafiki hawapigi simu, mtaani anaitwa chizi, naye anaanza kuliamini jina hilo. Aliyekuwa akiongoza darasani kama wewe huumia zaidi, kwa kuwa anajua alikotoka.

Na hapo nimejiona mimi. Siku ya harusi ya dada yako nilikuambia ubaki chumbani, wageni wasikuone. Nilikukataza kwenda mwaloni Kibirizi. Ukitaka kuanika dagaa nasema, "We pumzika tu." Nilidhani nakuhifadhi, kumbe nilikuwa nakufundisha kwamba huna kazi duniani. Nisamehe, mwanangu. Majirani sina la kuwaambia kabla sijakuomba radhi wewe.

Hii huzuni unayoamka nayo si tabia yako wala si adhabu. Sista anaiita sonona, inaweza kumpata mtu juu ya skizofrenia, nayo ina matibabu yake. Mwambie daktari habari zake, usimweleze sauti peke yake. Dawa usiache, hata ukijiona mzima. Ikikuletea kutetemeka au usingizi mzito, sema ibadilishwe. Mjomba atakutunzia zile za mwezi, awe anakupa za siku. Na sauti zikikuamuru ujidhuru, au wazo likikujia, usikae nalo hadi asubuhi. Mwamshe mjomba mwende hospitali usiku huohuo, halafu mnipigie.

Nimemwomba pia asikuache ukae bure pale kwenye cherehani zake.

Giza la mwezi linaanza wiki hii, mitumbwi inaingia ziwani. Zile taa za sola ulizounga mwaka jana, zilipowashinda wengine wote wakasema tuzitupe, ndizo baba yako anavulia hadi leo. Moja inazimazima. Fundi wa kule Mwanga alitaka kuifungua, baba yako akakataa, anasema mwenye taa yuko Tabora. Ukishaisoma barua nipigie, saa yoyote, umweleze aanzie waya upi.

Mama yako