Vichujio vya mchanga: mchango unafungwa Ijumaa

Habari za jioni wanakikundi.

Mchango wa mtandaoni umefika sh. 68,000. Lengo ni 90,000, vichujio 20 vya maji kwa sh. 4,500 kimoja. Tunafunga Ijumaa saa 2 usiku. Ambaye hajamaliza ahadi yake amtumie mweka hazina kwa M-Pesa.

Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane kwa fundi, Matuga. Masanduku ya zege yameshakauka. Kazi zilizobaki:

1. Kuchekecha mchanga kwa wavu wa milimita 0.7. Ni wa mawe yaliyopondwa. Wa ufuoni una chumvi, msiulete hata kama ni wa bure.
2. Kuosha, lakini si mpaka maji yang'ae. Ukizidisha, chembe ndogo zinakwisha na maji yanapita mbio bila kuchujika.
3. Kujaza: maji kwanza, mchanga juu yake, hewa isibaki ndani. Juu ya mchanga yabaki maji sentimita 5.

Utando unaoua vijidudu, unaojijenga juu ya mchanga, huchukua hadi siku 30 kukomaa. Wenyeji watie klorini kwenye ndoo ya kuhifadhia, kamwe si ndani ya kichujio!

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi jioni, na mwenye chekeche aseme. Tunayo moja tu, na imetoboka.