Gari limevuka kilometa 200,000: mkanda wa taimingi ubadilishwe au uachwe?

Wateja wengi wanaotuuliza swali hili gerejini kwetu Uyole, Mbeya, wamenunua gari mkononi. Dashibodi inasoma 200,000 na ushee, gari linawaka vizuri hata asubuhi za baridi ya Juni, na muuzaji aliwahakikishia kwamba "injini haijaguswa". Maneno hayo hutajwa kama sifa. Kwa upande wa mkanda wa taimingi ni habari mbaya, maana kama kweli hakuna aliyegusa injini, basi humo ndani kuna mkanda ule ule wa kiwandani.

Kwanza hakikisha gari lako linatumia mkanda. IST, Vitz, Probox, na Premio na Allion za kuanzia 2001 zina cheni. Cheni haina kilometa maalumu za kubadilishwa. Inachotaka ni oili safi inayobadilishwa kwa wakati, na ikilegea utaisikia ikigonga sekunde za kwanza baada ya kuwasha. Mtu akikutoza hela ya mkanda wa taimingi kwenye IST, mwambie akuonyeshe huo mkanda. Usichanganye pia na feni belti, ule unaouona kwa nje ukizungusha oltaneta. Wa taimingi umefichwa nyuma ya kava, ndiyo maana husahaulika.

Wenye mkanda ni hawa tunaowaona sana Nyanda za Juu Kusini: Starlet, Corolla 110 na Carina za injini ya 5A au 7A, Noah za zamani za SR40 na RAV4 za kwanza zenye 3S, Mark II za 1G, Subaru za EJ20, Pajero za 4D56, na dizeli nyingi za Toyota za kazi: Hiace na Hilux za 3L na 5L, Surf na Prado za 1KZ, Land Cruiser za 1HZ.

Kazi ya mkanda ni kuunganisha krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemushafti (shafti inayofungua valvu) ili valvu zifunguke na kufunga kwa kufuata mwendo wa pistoni. Ukikatika, kemushafti inasimama na valvu zinabaki pale zilipokuwa, huku pistoni zikiendelea kupanda na kushuka. Yanayofuata yanategemea injini, na hapa ndipo uamuzi wako unapaswa kuanzia, kabla hata ya kutazama kilometa.

Kwenye 5A, 7A, 4E ya Starlet, 5E na 3S-FE za kawaida, pistoni haifiki kwenye valvu. Gari linazimika, linavutwa hadi gereji, linafungwa mkanda mpya na kuondoka. Hasara yako ni siku moja na gharama ya kuvutwa. Kwenye dizeli hakuna nafasi hiyo. Pistoni inagonga valvu, valvu zinapinda, na mara nyingine pistoni yenyewe inapasuka. Hapo hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, lazima ishuke, ipelekwe kwa wachongaji, zinunuliwe valvu na gasketi mpya, na gari likae siku kadhaa bila kuingiza chochote. Subaru za EJ20 zenye kemushafti nne, 1G za VVT-i na 3S za D4 ziweke kundi hilo hilo la hatari.

Kwa hiyo mwenye Hiace ya 5L inayobeba abiria kila siku kati ya Mbeya, Tukuyu na Kyela hatumpi majibu mawili. Kama hana uthibitisho, tunamwambia abadili, na abadili mapema. Ile safari, ukitokea Kyela, inaanza karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, mita 500 hivi, na kupanda hadi zaidi ya mita 1,700, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Tena kwenye dizeli hizi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya dizeli, hivyo unabeba mzigo mkubwa kuliko wa petroli. Na injini ikizimika ghafla kwenye mteremko mkali, kama ule wa Iwambi au wa Kitonga, usukani unakuwa mzito na breki hupoteza nguvu baada ya kukanyaga mara chache. Hilo linatutia hofu kuliko gharama ya hedi.

Toyota kwa nyingi ya injini hizi huelekeza mkanda ubadilishwe kila kilometa 100,000. Lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na dashibodi huweza kurudishwa nyuma. Sisi mkanda uliopita miaka 10 hatuuamini, hata kama umetembea kidogo.

Uthibitisho unapatikana wapi? Fungua boneti utafute stika. Gereji za Japani zikibadili mkanda huu hubandika stika kwenye kava au ukutani mwa chumba cha injini, yenye tarehe na kilometa. Huhitaji kujua Kijapani, tarakimu zinasomeka. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili, kwa mfano 22, mara nyingi ni mwaka wa enzi ya Heisei katika kalenda ya Kijapani: jumlisha 1988 upate 2010. Ukikuta kilometa za stika ni nyingi kuliko za dashibodi, umejua jambo jingine kubwa kuhusu gari lako.

Taa ya T-BELT kwenye dizeli usiitegemee peke yake. Huwaka kilometa zikitimia, lakini inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na wapo wanaotoa balbu kabisa kabla ya kuuza.

Kuhusu kufungua kava na kuutazama tu: tukiona nyufa, meno yaliyolika, au oili iliyovuja ikaulowesha mkanda, jibu limepatikana. Tusipoona kitu, bado hatujui. Nguvu ya mkanda iko kwenye nyuzi za ndani, na hizo hazionekani kwa macho. Wala usingoje mlio. Mkanda wenyewe kwa kawaida hukatika kimya. Ukisikia mvumo upande ule, mara nyingi ni beringi ya tenshena (kifaa kinachokaza mkanda) au pampu ya maji.

Wapo tunaowaambia waache. Kama una Corolla ya 5A inayozunguka Mwanjelwa na Soweto tu, injini imechoka, inakula oili na kutoa moshi, hela hiyo iweke kwenye injini kwanza. Mkanda mpya hautaiponya, na ukikatika mjini hauharibu kitu. Lakini siku utakayotaka kulipeleka gari hilo Dar es Salaam, pitia kwetu kabla.

Tukibadili, tunabadili pamoja na tenshena, aidla (rola inayoongoza mkanda) na oilsili za mbele (mipira inayozuia oili kuvuja). Pampu ya maji pia, kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na mkanda huu, kama 3S na Subaru. Wateja wengine hudhani tunaongeza bili. Sehemu kubwa ya malipo ni kazi ya kufungua hadi kufika pale, na pampu ikivuja baada ya miezi sita utailipia kazi ile ile mara ya pili, huku maji yakiwa yameulowesha mkanda mpya.

Ukifanyia kwetu au kwa fundi mwingine, omba mambo mawili. Kabla injini haijawashwa, izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenkshafti, kisha uonyeshwe alama za taimingi zikiwa zimerudi mahali pake. Na ukabidhiwe vilivyotolewa vyote.

Ukija kuuliza, njoo na namba ya injini au kadi ya gari. Kutazama stika na kukuambia kama injini yako ni ya cheni au ya mkanda hatutozi. Kwa kazi yenyewe, lilaze gari kwetu jioni ili asubuhi tuanze injini ikiwa imepoa. Bei ya spea na ya ufundi tunakuandikia kabla hatujafungua nati hata moja.